Sura ya Nane: Jina la Mbwa Aliyekufa

Mtu akifiwa na mbwa hapewi ruhusa kazini, wala majirani hawaji kukaa naye mkekani. Hakuna matanga. Atakachoambiwa zaidi ni "si utafute mwingine", na anayesema hivyo hana nia mbaya. Hajui tu kwamba asubuhi hiyo mfiwa alikusanya makoko ya ugali, akatoka nayo hadi uani, ndipo akakumbuka. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Kenneth Doka, aliandika juu ya huzuni za namna hii: huzuni ambazo jamii haizitambui, kwa hiyo mwenye nazo hubaki kuzibeba peke yake.

Lakini kumlilia mbwa si jambo la juzi, wala si anasa ya matajiri wa mjini. Watu walizika mbwa kwa heshima maelfu ya miaka kabla ya kuwapo maandishi. Na maandishi yalipokuja, kumbukumbu zilizogusa watu zaidi ni zile zilizotaja mbwa fulani na jambo alilofanya.

Mwaka 1914, huko Oberkassel karibu na Bonn, Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi lenye umri wa miaka 14,000 hivi. Ndani yake walilala mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Miaka mingi baadaye wataalamu waliyachunguza meno ya mbwa yule. Alikuwa mtoto wa miezi kama saba, na meno yake yalikuwa na alama za maradhi makali yaliyomrudia zaidi ya mara moja alipokuwa bado mdogo; yaelekea ni distempa, ugonjwa unaoua watoto wengi wa mbwa hata leo. Bila mtu wa kumpa maji, kumfuta uchafu na kumtia joto, asingeishi wiki zile zote. Na mbwa mdogo aliye mgonjwa halindi wala hawindi. Walimtunza bila kupata faida yoyote kwake, kisha akazikwa pamoja na watu. Mimi sijui ushahidi mzito kuliko huo.

Jina la mbwa yule hatulijui; jina tunalipata Misri. Mwaka 1935 mwanaakiolojia George Reisner na wenzake walipata huko Giza jiwe la zaidi ya miaka 4,000 lililochongwa habari za mbwa aitwaye Abuwtiyuw. Jiwe linaeleza kwamba alikuwa mlinzi wa mfalme, na kwamba mfalme aliamuru azikwe kwa jeneza, kitani safi na ubani, na mafundi wamjengee kaburi. Kaburi lenyewe halijaonekana. Jina la mfalme halimo katika jiwe hilo. La mbwa limo.

Mbwa anayekumbukwa kuliko wote pengine ni Hachikō wa Japani. Alizaliwa mwaka 1923 katika mkoa wa Akita, akachukuliwa na Hidesaburō Ueno, profesa wa kilimo jijini Tokyo, na akazoea kwenda kumpokea stesheni ya Shibuya. Mei 1925 Ueno alifia kazini. Mbwa aliendelea kwenda stesheni kwa karibu miaka 10. Wapo waliomfukuza na kumtesa, mpaka habari zake zilipotoka gazetini mwaka 1932 na nchi nzima ikamjua. Sanamu yake ilizinduliwa Aprili 1934 naye mwenyewe akiwapo. Akafa Machi mwaka uliofuata. Ngozi yake imehifadhiwa katika makumbusho ya sayansi jijini Tokyo, na kumbukumbu yake iko kando ya kaburi la Ueno katika makaburi ya Aoyama. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sanamu iliyeyushwa ili kupata metali, na mwaka 1948 mtoto wa mchongaji wa kwanza akatengeneza nyingine. Ukiitazama utaona sikio la kushoto limelala, kama lilivyokuwa la mbwa mwenyewe uzeeni. Mchongaji hakulinyoosha ili apendeze, na hapo ndipo alipomheshimu.

Hata hivyo sanamu ninayoipenda zaidi ni ile iliyowekwa mwaka 2015 katika Chuo Kikuu cha Tokyo: Hachikō amemrukia Ueno kwa furaha, na Ueno amemwinamia. Ile ya stesheni inakumbuka kungoja. Hii inakumbuka kilichokuwa kikingojewa.

Kwetu pwani, msomaji Mwislamu anaweza kusita, kwa kuwa mate ya mbwa ni najisi. Twahara ni sheria, na rehema ni sheria vilevile. Hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake, inajulikana na kila mtoto wa chuoni, na mbwa wa Watu wa Pangoni ametajwa ndani ya Kurani. Kumzika vizuri mnyama aliyelinda nyumba yako hakukugombanishi na dini.

Basi mzike vizuri. Chimba shimo lipate walau mita moja, mbali na kisima, ili fisi au mbwa wengine wasimfukue. Kama alichomwa sindano ya kumpumzisha, uangalifu uzidi: dawa ile hukaa mwilini muda mrefu na inaweza kumuua mnyama atakayekula mzoga. Na kama kuna shaka ya kichaa cha mbwa, usimguse kabisa; mwite ofisa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo.

Ukishamfukia, chukua daftari. Andika jina lake, nani alimleta na mwaka gani, na jambo moja alilolifanya ambalo mbwa mwingine asingelifanya. Waite watoto wachangie yao. Fanyeni hivyo wiki hii, kabla hamjaanza kubishana doa lake jeupe lilikuwa mguu upi.