Je, Wajua? Likizo ya kiangazi katika vijiji vya Vermont

Je, wajua kwamba Vermont, jimbo dogo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, ilipiga marufuku mabango ya biashara barabarani tangu mwaka 1968? Majimbo mengine yenye katazo la namna hiyo ni matatu tu: Maine, Hawaii na Alaska. Kutoka mpaka wa Massachusetts hadi wa Kanada ni kama kilomita 250, na njia nzima macho yako yatakutana na milima, ng'ombe na vibao vidogo vya jimbo vinavyoonyesha nyumba ya wageni iko upande gani. Anayengoja barabara imwambie pa kula atalala njaa. Panga kabla hujawasha gari.

Je, wajua kwamba sensa ya 2020 ilihesabu Vermont watu 643,077 tu? Ni Wyoming pekee yenye watu wachache zaidi. Montpelier, makao makuu ya jimbo, ilikuwa na watu 8,074, na hakuna jimbo la Marekani lenye mji mkuu mdogo kuliko huo. Jengo la bunge lina kuba la dhahabu, na juu ya kuba imesimama sanamu ya mwanamke anayewakilisha kilimo. Ukitaka kujua watu wa hapa wanaheshimu nini, tazama huko juu.

Wajua wakati wa kwenda? Machi na Aprili barabara za vumbi hugeuka tope. Mei na Juni ni zamu ya visubi. Mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba majani yanapogeuka rangi, wageni hufurika na bei za vyumba hupaa. Julai na Agosti ndiyo miezi ya kupumzika: mchana joto hufika nyuzi 27 hivi, usiku hushuka hadi 15, na shuka moja haitoshi. Chukua sweta, hata kama mwenyeji wako anakucheka.

Na je, wajua kwamba mwishoni mwa Juni jua huzama huko kama saa 2:40 usiku, kwa hesabu ya saa zetu? Mtu aliyezaliwa karibu na ikweta, ambako magharibi ni saa 12 na nusu mwaka mzima, huchanganyikiwa. Chakula cha jioni huliwa mchana kweupe, watoto hawataki kulala, na anayeswali atasubiri Isha hadi baada ya saa 4 usiku. Kwa mpanga safari hiyo ni neema. Unaweza kuamka umechelewa, ukanywa chai ya pili, na bado ukawa na siku nzima mkononi.

Je, wajua kwamba Vermont iliwahi kuwa nchi inayojitegemea kwa miaka 14? Katiba yake ilipitishwa Julai 1777 katika mji mdogo wa Windsor, ndani ya nyumba ya pombe ya kando ya njia, na nyumba hiyo bado ipo. Ilikuwa katiba ya kwanza katika yaliyokuwa makoloni ya Kiingereza kukataza utumwa wa watu wazima. Ila ilikuwa na tundu: katazo liliwataja wanaume waliotimiza miaka 21 na wanawake waliotimiza 18. Watoto je? Tundu hilo lilizibwa kwa kura ya wananchi mwezi Novemba 2022. Vermont ilijiunga na Marekani tarehe 4 Machi 1791, ikawa jimbo la 14.

Hapo hapo Windsor kuna daraja la mbao lenye paa, la mwaka 1866, lenye urefu wa mita 137 hivi. Linavuka mto Connecticut kwenda New Hampshire. Kibao chake cha zamani kinamwonya mwenye farasi amtembeze polepole au alipe faini ya dola mbili. Jambo la kuchekesha ni kwamba mto huo ni mali ya New Hampshire mpaka ukingoni mwa upande wa Vermont, hivyo daraja ambalo watalii hulipiga picha kama la Vermont, karibu lote ni la jirani. Vermont haina sababu ya kulalamika, maana ina madaraja mengine yenye paa zaidi ya 100. Kwa nini paa? Si kwa ajili ya wapita njia. Paa huzuia mvua na theluji zisiozeshe mbao.

Je, wajua kwamba mmoja wa Waamerika Weusi waliotangulia kabisa kusoma chuo kikuu alitokea huku? Alexander Twilight alihitimu Chuo cha Middlebury mwaka 1823, na ndiye mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika anayejulikana kupata shahada katika chuo cha Marekani. Kisha akaenda Brownington, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Kanada, akawa mchungaji na mwalimu mkuu. Alipohitaji bweni la wanafunzi alijenga jengo la graniti la ghorofa nne, likakamilika mwaka 1836. Mwaka huo huo alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Bweni hilo sasa ni makumbusho. Wageni wengi hawafiki, kwa sababu vitabu vya utalii huwapeleka Stowe na Woodstock. Mimi ningeanza na Brownington.

Kusini, katika kijiji cha Grafton, kuna habari nyingine ya aina hiyo. Alec Turner alizaliwa mtumwa Virginia, akatoroka, akapigana upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na katika miaka ya 1870 akahamia kwenye mlima juu ya Grafton. Binti yake Daisy Turner, aliyefariki mwaka 1988 akiwa na miaka 104, alikuwa msimulizi hodari aliyeweza kutaja habari za ukoo wake hadi Afrika. Grafton yenyewe ilikuwa inakufa, hadi wakfu ulioanzishwa mwaka 1963 ulipoanza kufufua nyumba zake za mbao nyeupe, hoteli yake ya tangu 1801 na kiwanda chake cha jibini. Leo shughuli kubwa ya mgeni ni kukaa barazani.

Je, wajua kwamba *The Jungle Book*, kitabu cha Mowgli na chui Bagheera, kiliandikwa Vermont na si India? Rudyard Kipling alioa mwanamke mwenye jamaa huku, akajenga nyumba Dummerston akaiita Naulakha, akaishi humo hadi 1896. Nyumba hiyo hukodishwa kwa wageni wanaotaka kulala siku kadhaa. Mkijikusanya familia mbili au tatu, gharama hupungua.

Na kijiji cha Cavendish? Hapo Aleksandr Solzhenitsyn, mwandishi aliyefukuzwa Urusi, aliishi kwa utulivu tangu 1976 hadi 1994. Wanahabari walipomtafuta, duka la kijiji liliweka kibao cha kuwaambia wageni kwamba hapo hawaelekezwi kwa Solzhenitsyn. Ukitaka mahali ambapo hakuna atakayekusumbua, huo ni ushahidi wa kutosha.

Je, wajua kwamba rais mmoja wa Marekani aliapishwa na baba yake mzazi, usiku, kwa mwanga wa chemli? Calvin Coolidge alikuwa likizo nyumbani kwao Plymouth Notch habari za kifo cha Rais Harding zilipofika. Nyumba haikuwa na umeme wala simu. Baba, aliyekuwa na mamlaka ya kuthibitisha viapo, alimwapisha mwanawe saa 8:47 usiku, tarehe 3 Agosti 1923. Kijiji kimehifadhiwa kama kilivyokuwa. Na kama unadhani huo umeme ulichelewa, vijiji vya Victory na Granby vilisubiri hadi mwaka 1963.

Tuje kwenye tumbo. Wajua kwamba Vermont ina sheria ya pai ya tofaa? Mwaka 1999 bunge liliitangaza kuwa pai rasmi ya jimbo, na likataka anayemwandalia mgeni ajitahidi kwa nia njema kuiambatanisha na glasi ya maziwa baridi, au kipande cha jibini la cheddar, au kijiko kikubwa cha aiskrimu ya vanila. Wabunge walipata wapi muda huo, sijui, lakini jaribu na jibini.

Shira ya mti wa mepo nayo? Karibu nusu ya shira yote ya mepo ya Marekani hutoka hapa. Ili kupata lita moja huchemshwa kama lita 40 za utomvu. Ila kiangazi hutaona moshi wa kuchemsha, maana utomvu hukingwa kati ya Februari na Aprili, usiku wa barafu unapofuatwa na mchana wa vuguvugu. Kiangazi utakuta shira kwenye chupa na, bora zaidi, ndani ya aiskrimu laini inayouzwa vibandani kando ya barabara. Kwa aiskrimu ngumu kuna kiwanda cha Ben & Jerry's huko Waterbury. Kampuni ilianza mwaka 1978 katika kituo cha mafuta kilichoachwa mjini Burlington, na kiwandani kuna makaburi ya ladha zilizoacha kutengenezwa, kila moja na jiwe lake lenye maandishi ya kumlilia marehemu.

Je, wajua kwamba unaweza kusikia Kiswahili Vermont? Burlington na mji mdogo wa Winooski vimepokea wakimbizi wengi wa Kongo na Burundi, pamoja na Wabantu wa Somalia waliopitia kambi za Kenya na kuanza kufika mwaka 2003. Baadhi ya Wabantu hao bado wanazungumza Kizigua, lugha ya mababu zao waliochukuliwa pwani ya Tanzania karne ya 19. Shamba la jamii la Pine Island, Colchester, lilianzishwa ili wahamiaji wafuge mbuzi na kupata nyama waliyoizoea. Kwa hiyo anayeona jibini limemchosha ana pa kukimbilia.

Burudani haitaki viatu vya ngozi. Huko Glover, kundi la Bread and Puppet, lililohamia Vermont miaka ya 1970, hucheza na vinyago vikubwa kuliko nyumba kwenye uwanja wa majani siku za Jumapili, na watazamaji hugawiwa mkate mgumu wa shayiri nyeusi wenye kitunguu saumu. Kwa wapenda muziki wa ala, tamasha la Marlboro limekuwepo tangu 1951, na maonyesho yake huwa Julai na Agosti, mwisho wa wiki. Wapenda kutembea wana njia ya milimani ya kilomita 438 kutoka Massachusetts hadi Kanada, iliyochongwa kati ya 1910 na 1930, kongwe kuliko njia zote ndefu za miguu Marekani. Hulazimiki kuimaliza. Saa mbili zinatosha.

Ziwa Champlain je? Mwaka 1998 sheria iliyotiwa saini na Rais Clinton ililitaja kuwa moja ya Maziwa Makuu ya Marekani. Watu wa maeneo mengine walikasirika, na baada ya siku 18 cheo kikafutwa. Maji ni yale yale.

Kuna mambo ya kuogopa kidogo. Kupe wa msituni hueneza ugonjwa wa Lyme, na Vermont ni kati ya majimbo yenye wagonjwa wengi kwa idadi ya watu wake: vaa soksi ndefu, jikague kila jioni. Maporomoko kama ya Warren na Bristol yana vidimbwi vya kuogelea vyenye maji baridi hata Julai, na baada ya mvua nguvu ya maji huua. Mafuriko ya Julai 2023 yaliizamisha Montpelier, na Julai 2024, tarehe zile zile, mengine yakaja. Tazama utabiri kila asubuhi. Zaidi ya nusu ya barabara hazina lami na simu hukata mawimbi mabondeni, hivyo pakua ramani kabla ya kutoka.

Wajua kwamba kule Derby Line kuna maktaba, Haskell, iliyofunguliwa mwaka 1904 juu kabisa ya mpaka? Mstari mweusi sakafuni huigawa Marekani na Kanada. Picha ni nzuri, lakini taratibu za kuingia zilikazwa mwaka 2025. Mwenye viza ya kuingia mara moja asichezechee mstari huo.

Kuhusu fedha: bei unayoiona kwenye menyu si ya mwisho. Kodi ya chakula na ya vyumba ni 9%, baadhi ya miji huongeza 1%, na mhudumu hutarajia bakshishi ya 15 hadi 20%.

Kufika si shida. Kwa ndugu zetu wa Boston na Wakenya wengi wa Lowell, Brattleboro ni safari ya takribani saa mbili kwa gari. Kutoka New York kuna treni mbili, na tangu 2022 mojawapo hufika hadi Burlington. Lakini vijijini bila gari utakwama, na hapo hakuna daladala.

Chagua vijiji viwili tu, kimoja cha kusini na kimoja cha kaskazini, ukilala siku tatu au nne kila kimoja: Grafton na Brownington zinafaa. Weka nafasi kabla ya Mei, uliza bei za Jumatatu hadi Alhamisi, na Woodstock ipitie tu kwa kahawa.