Mkuki wa Wagiriki wa kale: Ulichomwa kutoka juu au chini?

KWA miaka mingi, wanahistoria wamevutana kuhusu jambo linaloonekana dogo: askari wa Ugiriki ya kale aliushikaje mkuki wake alipokabiliana na adui ana kwa ana?

Askari huyo, aliyeitwa hopliti, alikuwa raia, aghalabu mkulima, aliyejinunulia silaha zake mwenyewe. Mkono wake wa kushoto ulibeba ngao ya mviringo yenye kipenyo cha takriban sentimita 90. Wa kulia ulishika mkuki wa mita mbili hadi mbili na nusu, ambao aghalabu ulikuwa na ncha ya chuma mbele na nyingine ya shaba nyeusi nyuma. Kwa silaha hizo, Waathene waliwashinda Waajemi pale Marathon mwaka wa 490 Kabla ya Kristo.

Jibu la swali hilo lina uzito, kwani ndilo linaloamua jinsi vita hivyo vinavyosimuliwa: safu zilibanana kiasi gani, na askari alijeruhiwa shingoni au mapajani.

Michoro kwenye mitungi ya kale mara nyingi huonyesha mkuki ukiwa umeinuliwa juu ya bega, ncha ikielekea chini. Hata hivyo, michoro hiyo ina utata. Kwenye mtungi maarufu wa Chigi, uliochorwa katika karne ya saba Kabla ya Kristo, baadhi ya mikuki ina vitanzi vya kurushia. Je, askari waliochorwa walikuwa wakichoma au wakirusha?

Ndipo watafiti walipoamua kuyaacha maandishi kwa muda na kushika mikuki wenyewe.

Mnamo 2001, Peter Connolly wa Uingereza na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yaliyolinganisha namna mbalimbali za kushika mkuki. Pigo la kutoka juu lilibainika kuwa na nguvu zaidi.

Lakini Christopher Matthew, mwanahistoria wa Australia, alipinga msimamo huo katika kitabu alichochapisha mwaka wa 2012. Kwa maoni yake, uzito wa ncha ya nyuma uliufanya mkuki uelee vyema zaidi mkononi ukishikwa chini, askari akafikia mbali zaidi. Aidha, alihoji kwamba mkono ulioinuliwa huchoka upesi.

Paul Bardunias, mtafiti wa wadudu aliyejitosa katika historia ya vita, na mwenzake Fred Ray waliutetea mkono wa juu katika kitabu chao cha mwaka wa 2016. Hoja ya upande huu ni kwamba ngao zinapobanana, mkono wa chini hukosa nafasi, ilhali wa juu huchoma kupitia juu ya ukingo wa ngao.

Yamkini kila upande una chembe ya ukweli, kwani askari angeweza kubadili mshiko kulingana na hali.

Hata hivyo, majaribio yana mipaka. Mkuki wa kuigiza ukizidi au kupungua uzito kidogo tu, matokeo hubadilika. Isitoshe, anayejaribu hujua kwamba jioni atarejea nyumbani salama. Mkulima yule wa Marathon hakuwa na hakika hiyo.