Bima ya nyumba imekataa kukulipa? Tafuta meseji ya malipo

Mafuriko yameharibu nyumba, umedai fidia, na kampuni ya bima imekataa. Usikubali jibu la simu tu. Itisha barua inayotaja kipengele walichotumia. Wakisema mkataba haugusi mafuriko, usome mwenyewe, maana wakati mwingine ni moto tu ulioandikwa. Wakisema hukuwa umelipa, meseji yako ina kazi: Kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinataka malipo yapokelewe kabla ya bima kuanza, kwa hivyo angalia tarehe. Uliifuta? Tuombe taarifa ya akaunti. Ila kama ulituma kwa simu ya ajenti badala ya paybill ya kampuni, hapo kuna kibarua. Wakishikilia msimamo, peleka barua na taarifa hiyo kwa IRA, Mamlaka ya Kudhibiti Bima.