Kasi ya Dansi na Gridi ya Kompyuta (Sehemu ya 4)

Mjadala wa remiksi za nyimbo za zamani umepamba moto tena, na safari hii nawaunga mkono wanaolalamika kwamba remiksi zinaufuta mwendo wa bendi. Salome ya Diamond Platnumz, mwaka 2016, haikuwa na tatizo hili, kwa kuwa wimbo wa Saida Karoli uliimbwa na kupigwa upya. Tatizo ni kwa anayechukua rekodi yenyewe, akaipachika ngoma mpya juu yake.

Gridi, yaani mistari ya mapigo yenye nafasi sawa ndani ya programu ya muziki, tulishaieleza. Leo nianzie studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, miaka ya 1960 na 1970. Bendi iliingia chumbani kwa pamoja: waimbaji, magitaa, tarumbeta, tumba. Walipiga, kanda ikazunguka. Hapakuwa na mlio wa mashine masikioni mwa mtu. Waliobeba mwendo ni wapiga ngoma, na wenzao waliwasikiliza. Nyimbo nyingi zilianza kwa mashairi ya taratibu, kisha likaja chemko, waimbaji wakayapisha magitaa na kasi ikapanda. Walikusudia ipande! NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilijulikana kwa mtindo wa Msondo. Mlimani Park, 1978, kwa Sikinde. Maquis waliotoka Lubumbashi kwa Kamanyola. Mpenzi wa dansi aliyesimama nje ya ukumbi aliitambua bendi kabla hajamsikia mwimbaji. Mwendo ule ulikuwa sahihi ya bendi, na kuufuta ni kuwakosea heshima watu ambao wengi wao hawapo tena kujitetea. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alifariki 1965. Nani atamsemea?

Sasa kompyuta. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimewekwa mapigo 120 kwa dakika, na prodyuza mwenye haraka huivuta rekodi mpaka ifike hapo. Ableton Live, iliyotoka 2001, ilijengwa hasa kwa wazo hilo, kwamba sauti iufuate mradi. Kwa dansi, geuza: mradi uifuate sauti. Logic Pro tangu 2018 inaweza kuisikiliza rekodi na kuchora yenyewe ramani ya kasi, lakini usiiamini kabla hujahesabu mwenyewe. Tuseme mapigo 32 ya mashairi yamechukua sekunde 16: hiyo ni 120. Kwenye chemko mapigo 32 yamechukua sekunde 15: hiyo ni 128. Hakuna namba moja itakayoutosha wimbo huo. Programu ikikuandikia 64, imehesabu nusu ya mapigo. Zidisha kwa mbili.

Kabla ya lolote, zima kitufe cha kunyoosha sauti, kisha sogeza mwanzo wa gridi ukae juu ya pigo la kwanza zito, ambalo mara nyingi si pigo la kwanza kusikika, maana gitaa hupenda kutangulia. Weka alama mwanzoni mwa kila mzunguko wa gitaa. Usiweke kwenye kila pigo, kwani utaunasa hata mtetemo wa mkono na ngoma yako itayumba. Ngoma mpya ndiyo ipande na kushuka kuwafuata wazee.

Juma lijalo: kanda iliyopigwa kwenye mashine isiyo na mwendo sahihi, ambapo kasi na ufunguo hubadilika pamoja.