Mafuta Ghafi: Husafishwa au Hukenekwa?

Tumezoea kusema kuwa mafuta ghafi "husafishwa", kana kwamba ni maji machafu yanayochujwa. Kauli hii inapotosha. Mafuta ghafi ni mchanganyiko wa haidrokaboni nyepesi na nzito, zilizotokana na viumbe vidogo vya majini vilivyofukiwa mamilioni ya miaka iliyopita. Kiwandani, mchanganyiko huo hupashwa moto hadi nyuzi 350 hivi za Selsiasi, kisha huingizwa katika mnara ambao chini ni moto na juu umepoa. Mivuke hupanda, na kila aina hugeuka kiowevu inapofikia kiwango chake cha joto: dizeli chini, mafuta ya taa juu yake, petroli karibu na kilele. Gesi hutokea juu kabisa. Masalio mazito, yakiwemo ya lami, hubaki kitakoni. Huku ni kukeneka, tendo ambalo mpishi wa chang'aa analijua vyema kutuzidi sisi wanaisimu.

Mafuta ya Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, yana nta nyingi hata huganda yasipopashwa moto. Shehena ya kwanza ilipouzwa ng'ambo mwaka 2019, mtambo wa Changamwe ulikuwa umekoma kukeneka tangu 2013.