Je, Wajua? Roboti Inaweza Kurusha Mpira kwa Kombeo

• Mwaka 2018, mashindano ya wanafunzi wa vyuo vya Asia na Pasifiki, ABU Robocon, yalifanyika Ninh Binh, Vietnam. Roboti zilicheza *ném còn*, mchezo wa jadi wa kurusha mpira wa kitambaa upite ndani ya pete iliyo juu ya mlingoti.

• Roboti nyingi za kurusha mipira hutumia magurudumu yanayozunguka kwa kasi. Lakini mpira wa *ném còn* una kamba na mkia, vitu vinavyoweza kujisokota kwenye magurudumu. Mkono unaozungusha mpira kwa kamba yake, kama kombeo, hugeuza kikwazo hicho kuwa nguvu.

• Siri ni urefu. Mkono wa nusu mita ukiongezewa kamba ya nusu mita, vikazunguka pamoja kwa idadi ileile ya mizunguko kwa sekunde, mpira huondoka kwa kasi maradufu ya ile ya mkono peke yake.

• Kazi ngumu ni kujua wakati wa kuachia. Mkono unaozunguka mara 3 kwa sekunde husogea karibu nyuzi 11 katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Kuchelewa kiasi hicho tu kunatosha kuukosesha mpira pete.

• Katika mashindano hayo ya 2018, ushindi mkuu uliitwa *Rồng Bay*: mpira wa rangi ya dhahabu upite kwenye pete na kutua juu ya kikombe. Timu iliyofanikiwa ilishinda papo hapo.

Mbunifu hodari hulichunguza kwanza umbo la kitu kinachorushwa, ndipo huchagua mashine.