Dawa ya nyanya ibaki shambani, isiingie nyumbani

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kufikiri. Saa kumi na moja ya jioni baba anarudi kutoka shamba la nyanya kule Kasha. Amepuliza dawa tangu asubuhi, pompe iko mgongoni, suruali imelowa. Mtoto anamkimbilia, anamshika magoti. Baba anakaa, anakula bugali, kisha nguo zake zinatupwa ndani ya baseni moja na za watoto. Kesho mama atazifua kwa mikono mitupu. Yeye hajapuliza hata tone moja, lakini dawa imemfikia.

Watu wanasema: mimi sikunywa, nitadhurika namna gani? Kumbe dawa nyingi za wadudu hupita kwenye ngozi, na ngozi yenye jasho huzipokea haraka zaidi. Tena ndani ya nyumba hakuna jua wala mvua ya kuzivunja, kwa hiyo hukaa muda mrefu kuliko shambani. Mtoto anayetambaa hushika vumbi hilo na kutia vidole mdomoni. Mwili wake ni mdogo, kiasi kile kile kinamuumiza kuliko mkubwa.

Kinga yenyewe haiombi pesa nyingi. Chagua nguo moja ya kupulizia, hata kama imechakaa, na iwe ya kazi hiyo tu. Ukifika, vua viatu na nguo hiyo nje ya mlango, oga kwa sabuni, kichwa pia, ndipo umbebe mtoto. Nguo ile ifuliwe peke yake, siku ile ile, kwa maji ya moto na sabuni nyingi, halafu ianikwe juani. Anayefua avae glavu. Kama hakuna, avae mifuko ya plastiki isiyotoboka. Maji ya kufulia yasimwagwe mtoni wala karibu na kisima. Na kusema kweli, aliyepuliza ndiye angepaswa kufua. Hiyo wababa hawataipenda, lakini tumeiandika.

Ndani ya nyumba, acha kufagia pakavu. Ufagio mkavu unarusha vumbi hewani na watoto wanalivuta. Nyunyiza maji kidogo kwanza, au kama iko sima, pangusa na kitambaa chenye maji. Pompe na dawa zisilale chini ya kitanda, hata kama tunaogopa wezi. Sanduku lenye kufuli, mbali na chakula, linatosha.

Sasa bidoni. Hapa Bagira maji ni shida, na bidoni nzuri hakuna anayependa kuitupa. Lakini plastiki hunywa dawa. Harufu ikiisha, sumu bado imo, na hakuna sabuni ya kuitoa yote. Bidoni ya dawa isitiwe maji, mawese wala kasiksi. Ikimalizika, tia maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya pompe uyapulize shambani. Fanya hivyo mara tatu, kisha itoboe ili asiwepo mtu wa kuiokota. Usiichome, moshi wake nao ni sumu. Vile vile usinunue dawa iliyopimwa ndani ya chupa ya soda: haina maandiko, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha.

Nyanya za kula nyumbani zioshwe vizuri kwa maji safi, mkisugua kwa mkono. Ule unga wa manjano-manjano mara nyingi ni mankozebu, dawa ya ukungu. Inakaa juu ya ganda, kwa hiyo kuosha kunaondoa sehemu kubwa. Dawa zinazoingia ndani ya mmea hazitoki kwa kuosha. Kwa hizo ni kuheshimu siku za kungoja kabla ya kuvuna, zilizoandikwa kwenye karatasi ya bidoni.

Mtu akianza kutoka mate mengi, jasho, kutapika, au kupumua kwa shida baada ya kushika dawa, mtoe nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, mpeleke kituo cha afya mara moja pamoja na bidoni au karatasi yake. Msimtapishe. Msimpe maziwa wala mawese, sababu mafuta husaidia sumu zingine kuingia mwilini haraka.